Taa Nyekundu ya Tangi la Choo

Lonnie Truax aliiona pikapu kabla hajamwona mtu. Ilikuwa ya kijani, ya zamani, imesuguliwa mpaka jua la Mesa, mji wa jangwani, likawa linajitazama ndani yake. Ilisimama nje ya ofisi ya kukodisha magari-nyumba, jirani na yadi aliyokuwa akiilinda yeye, na kutoka ofisini ilisikika sauti ya mwanamume akililia bei kama mtu anayeng'olewa jino.

Lonnie alikuwa na buti za ngozi ya mbuni, kofia nyeupe, na ulimi wa kumuuzia samaki maji. Kila joto lilipoanza kuchemsha lami, wazee wa Mesa walikimbilia milimani, wakamwachia yadini magari yao yenye vitanda, jiko na choo ndani. Funguo nazo walimwachia. Walimwamini kwa sababu aliwaita baba na mama, na wazee wengi huuza busara yao yote kwa bei hiyo.

Mlalamikaji alitoka. Jina lake Curtis Ostrander, fundi wa viyoyozi, mtu wa kutembea maduka matano kutafuta pipi ya bei nafuu.

"Wamekuchuna, kaka?" Lonnie alimuuliza.

"Wametaka kunichuna. Nimewaambia wabaki na mabati yao."

"Safari ya kwanza ya familia, bila shaka."

"Umejuaje?"

"Umeulizia bei. Mzoefu haulizi bei, anauliza choo."

Curtis alicheka. Angejua, asingecheka.

Lonnie akamwonyesha gari-nyumba la mzee Walt Lindahl na mkewe Bev, safi, lenye mapazia ya picha za jogoo. Kibao cha nyuma chenye majina ya wenyewe alikuwa ameshakifungua skrubu na kukitia kabatini. Akataja bei. Ilikuwa theluthi ya bei ya ofisini, na Curtis alijisikia mjanja mpaka masikio yakawa mekundu. Hakuuliza hati. Mtu anayeokota embe haulizi mwembe ni wa nani.

"Ila nataka rehani," Lonnie alisema. "Siku hizi watu wanatoroka. Hata kigari kile kinatosha."

"Pikapu? Si yangu. Ni ya mama mkwe. Aliachiwa na marehemu mumewe."

"Basi hutaki."

"Nimesema ni ya mama mkwe. Sijasema sitaki."

"Na tangi la choo lirudi tupu. Taa ya tangi ikisema limejaa, rehani imeliwa. Mimi sizoi mavi ya watu."

"Nani atakurudishia mavi, bwana wewe!"

Wakapeana mikono. Nchi ile wanaume wakishikana mikono hivyo, neno limefungwa; ndiyo maana matapeli wake wana viganja laini.

Mama mkwe, Verna, alikuwa amekaa ndani ya pikapu, mkono juu ya usukani ambao mumewe Harlan aliushika mpaka wiki aliyolazwa. Ndani mlikuwa bado mna harufu ya tumbaku yake. Alipoambiwa, alimtazama mkwewe kama mtu anayetazama kitu kilichokwama kwenye soli ya kiatu.

"Umeweka rehani gari la Harlan kwa sababu ya choo?"

"Mama, tutamwaga tu. Kuna ugumu gani?"

Verna aliwatazama wajukuu, ambao walikuwa wameshapanda vitanda vya gari-nyumba na kugombania cha juu. Akashuka.

Sasa, ugumu ulikuwa huu. Ndani ya tangi la choo kuna vipimo vidogo, na karatasi za chooni huvigandia tangu mwezi wa kwanza wa matumizi. Taa ikishawaka nyekundu haizimiki, hata tangi likiwa kavu. Kila mtu aliyewahi kulala msimu mmoja ndani ya gari-nyumba anajua kwamba taa ile ni mwongo wa kuzaliwa. Wageni tu ndio huiamini. Kwa hiyo Lonnie aliwapenda wageni kuliko ndugu zake, na kwa taa hiyohiyo alikuwa ameshajipatia baiskeli mbili, injini ya boti na jiko la kuchomea nyama.

Akina Ostrander walipanda milimani, wakapiga kambi kwenye misonobari. Watoto walifurahi. Curtis hakuona msonobari hata mmoja. Alimwaga tangi, taa nyekundu. Akaosha kwa mpira, nyekundu. Akamwaga tena huku akimwomba Mungu. Mtu mmoja kambini akamwambia atie barafu chooni aendeshe kwenye kona, itasugua. Akanunua magunia ya barafu, akazunguka mlima huku familia nzima imeshikilia meza na choo kikigonga kama ngoma ya mazishi. Nyekundu.

"Janelle," alimwambia mkewe, uso umemvimba, "waambie watoto waende porini."

Ajuza wa gari la jirani, jina lake Opal, alikuwa akiyatazama yote hayo huku ameshika kikombe cha kahawa, kama mtu aliyelipia kiingilio. Mwishowe akamhurumia Verna.

"Mwambie huyo kijana apumzike. Taa hizo hazisemi kweli hata kwa bahati. Haya, Bev hajambo?"

"Bev yupi?"

"Si hili ni gari la Bev Lindahl? Mapazia hayo ya jogoo nimemsaidia kuyashona. Tunacheza karata pamoja kila kipupwe."

Verna akakaa chini taratibu. Kisha akaomba namba ya simu ya Bev.

Verna na Bev waliongea sana simuni, kwa watu wasiojuana. "Polisi watamchukua tu," Bev alisema mwishoni. "Mimi kwanza nataka nimwone uso."

Verna alirudi kwa wenzake akitabasamu, jambo ambalo hawakuwa wameliona tangu mazishi.

"Kuanzia leo, hakuna kwenda porini," alitangaza. "Hakuna kumwaga. Na Janelle, pika maharage."

"Mama, ile pikapu..." Curtis alianza.

"Pikapu ikienda, Harlan atakuwa ameniondokea mara ya pili. Wewe funga mdomo, ule maharage."

Siku ya kurudi, Lonnie aliwasubiri yadini, funguo za pikapu zikining'inia kiunoni. Alichungulia ubao wa taa na kusikitika kama mchungaji.

"Aa, ndugu yangu. Nyekundu."

"Kwa hiyo limejaa?" Verna aliuliza.

"Limejaa, mama. Taa haina mjomba."

Hapo teksi ikaingia. Walishuka mzee mrefu na bibi mfupi aliyebana mkoba kwapani.

"Mama Bev! Baba Walt!" Lonnie alipaza sauti kwa furaha ya mtu aliyekanyaga msumari. "Nilikuwa naipasha moto injini. Hawa ni rafiki zangu, wamepita kunisalimia."

Bev aliingia ndani, akatoka.

"Lonnie, taa inasema tangi limejaa. Gari limelala hapa muda wote. Nani amekwenda haja?"

Lonnie alicheka kwa kujiamini. "Ah, mama, nawe umekuwa mgeni? Taa hizo ni za uongo! Tangi tupu, kavu kama jangwa. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Mama yake alikuwa mzima, Tucson, akicheza bahati nasibu.

"Tupu?" Verna alisema, akanyoosha mkono. "Curtis, umesikia? Rafiki yetu amesema tupu."

Lonnie aliutazama mkono, akamtazama Bev, akapima midomo mingapi ingefunguka akikataa. Akatoa funguo za pikapu.

"Basi nionyeshe," Bev alisema. "Lifungue."

Lonnie alichuchumaa bila mpira wala glavu, kwa kuwa mtu haogopi uongo alioulea mwenyewe. Akafungua kifuniko. Halikutoka tone.

"Mnaona?" alisema, akavuta mpini wa kufungulia tangi kwa madaha.

Heshima inatuzuia kueleza sana. Itoshe kusema kwamba maharage ya Janelle yalitoka kwa nguvu, kofia nyeupe ikaacha kuwa nyeupe, na mbuni aliyetoa ngozi ya buti zile, huko aliko, alilipiziwa kisasi.

Mzee Walt alikohoa. "Kumbe leo imesema kweli."

"Ukimaliza, kibao chetu ukirudishe mahali pake," Bev alimwambia Lonnie. "Polisi tumewaita. Tumewaambia wasije haraka, upepo upite kwanza."

Verna alikuwa ameshapanda pikapu, binti na wajukuu wamebanana kando yake. Curtis akashika kitasa. Kilikuwa kimefungwa.

"Mama, na mimi je?"

"Wewe ulikuwa tayari kuiacha. Iache."

Akawasha, akapandisha vioo vyote ili harufu ya tumbaku isitoke wala ile nyingine isiingie, akaondoka. Walt alimkaribia Curtis, akamkabidhi koleo la kuzolea uchafu.

"Shika, kijana. Nusu ya mzigo huu ni wako."