Safu ya Ukurasa wa Sita Iliyonivua Cheo Mezani

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima na kwamba kwako watu wanakula kwa amani. Kwangu hawali kwa amani, na wa kulaumiwa ni wewe na ile safu yenu ya maajabu ya vyakula na vinywaji duniani, inayotoka kila Jumamosi, ukurasa wa sita, pembeni mwa matangazo ya vifo.

Mimi ni karani wa masjala. Kazini natafuta mafaili yaliyopotea. Nyumbani, kwa miaka kumi na tisa, nilikuwa mjuzi wa kila kitu. Mke wangu akiuliza, najibu. Binti yangu akiuliza, najibu kabla hajamaliza. Mama mkwe haulizi, lakini naye nilimjibu. Sasa tazama mlivyonifanyia.

1. Mliandika kwamba kwa wataalamu wa mimea nyanya ni tunda. Jioni ile niliomba tunda baada ya chakula, kama kawaida yangu. Nikaletewa nyanya, imekatwa vipande vinne, na kijiti cha meno juu yake. Nikala. Ningefanyaje?

2. Mliandika kwamba zamani, katika nchi ya mbali, sosi ya nyanya iliwahi kuuzwa kama dawa ya tumbo. Mngekosa nini mkiongeza, kwa herufi kubwa, kwamba si dawa? Mama mkwe, ambaye tumbo lake lina faili nene kuliko yote ya ofisini kwetu, sasa anakunywa vijiko viwili asubuhi na viwili jioni. Mayai yangu nayala makavu.

3. Tango, mkasema, karibu lote ni maji. Basi nikiwa na kiu nasogezewa tango.

4. Hili ndilo lililonimaliza. Miaka yote nimewafundisha watu wa nyumbani kwamba chai ya kawaida na chai ya kijani ni miti miwili, mmoja dume na mwingine jike, nikaeleza hadi namna inavyooana. Nanyi mkachapa, tena na picha, kwamba ni mmea mmoja, ila majani hushughulikiwa tofauti yakishachumwa. Binti alisoma kwa sauti. Akanitazama. Akasema neno moja tu: kumbe.

Ndugu Mhariri, umewahi kuambiwa kumbe na mtoto uliyemfundisha kufunga kamba za viatu? Inauma! Siku hizi nyumba nzima ni kumbe. Mke wangu anayo yake, ndefu, ya kuvuta. Juzi nilisema mvua inakuja, wote watatu wakaenda dirishani kuhakikisha.

Kwa heshima na taadhima, naomba mfute safu hiyo. Ikishindikana, basi mniletee nakala kila Alhamisi, ndani ya bahasha isiyo na jina la gazeti, ili Ijumaa niyaseme maajabu hayo mezani kama yangu, na Jumamosi gazeti lije kunithibitisha. Nyinyi hampungukiwi kitu, nami narudi kuwa baba.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na huyo mwandishi wa safu. Simtakii mabaya. Namtakia tu mama mkwe anayejua kusoma.

Wako mtiifu,
Aliyekuwa Mjuzi

Baada ya kutia sahihi: Nilichelewa kuipeleka barua hii posta. Jumamosi iliyopita safu haikutoka, mkaweka tangazo la magodoro. Mke wangu alikula amesimama jikoni. Binti akabeba sahani yake chumbani, na simu. Nikabaki na mama mkwe, tunasikilizana tukitafuna. Nilivumilia, nikashindwa. Nikawaita wote, nikakiri kwamba ile chai dume niliitunga mwenyewe tulipokuwa wachumba, ili nionekane nina akili. Mke wangu akasema alijua siku ile ile. Wakacheka mpaka mama mkwe akapaliwa na sosi. Tafadhali, safu irudi Jumamosi hii. Na ile bahasha ya Alhamisi msilete. Nami nataka kusema kumbe.