Rufaa Yangu na Kifo cha Balozi

Jumatatu, 17 Oktoba 1983

Nimefeli! Matokeo yamebandikwa ubaoni Chuoni. Somo la Maendeleo: alama thelathini na moja. Pembeni, kwa wino mwekundu: masomo yamekatishwa. Nimesoma jina mara tatu, huenda kuna Filbert mwingine. Hakuna.

Seifu naye kafeli. Huyu tumepigana vikumbo tangu mwaka wa kwanza, yeye mtoto wa mjini, mtaa wa Gerezani, mimi wa kuja kutoka Masasi. Sijawahi kufurahi kumwona kama leo. Kanieleza kwamba kuna rufaa. Unamwandikia Mkuu wa Kitivo ndani ya wiki mbili, unataja sababu, unaleta uthibitisho. Yeye ataomba karatasi yake isahihishwe upya, basi. Na mimi, kasema, si niliomba daftari la pili la majibu mle kwenye chumba cha mtihani? Bila shaka wamehesabu moja. Niandike hivyo tu.

Hivyo tu! Mistari miwili! Seifu hana akili ya mambo makubwa.

Naogopa. Mgambo wanawasomba wasio na kazi Kariakoo nzima, lorini, wakalime. Kinga yangu ni kitambulisho cha Chuo. Kikienda, nami naenda. Na anayewataja wazururaji wa mtaa wetu ni balozi wa nyumba kumi, yaani Baba Mkubwa Pius, ninayelala kwake. Ameapa mkutanoni kwamba kwenye nyumba zake hapatapatikana mzururaji hata mmoja. Sijamwambia kitu.

Jumanne, 18 Oktoba

Sababu imepatikana. Msiba! Nani atamkatalia mfiwa? Nimejaza kurasa nne. Kwamba mkesha wa mtihani nilifiwa na baba yangu mkubwa, nguzo yangu, nikaingia kwenye mtihani macho yamevimba. Nilipofika kuyaandika maziko nikalia kweli. Ningemtumia babu, lakini babu nilishamtumia mwaka wa kwanza.

Wakati naandika, marehemu alikuwa barazani na cherehani yake, anashona suruali na kuimba. Kwetu kumwita mtu aliye hai marehemu ni uchuro. Nikajituliza: imo ndani ya bahasha, nani atasikia?

Nimeipeleka kwa mkono. Karani kanipa pole nyingi sana.

Alhamisi, 20 Oktoba

Baba Mkubwa anaumwa! Homa kali. Anatetemeka hadi kitanda kinalia. Mungu wangu, nimemuua! Nimemwandika Jumanne, Alhamisi anakwenda!

Nimemkanda. Nimempepea. Nimempa klorokwini, nimemlisha uji kwa kijiko. Mama Mkubwa kaniuliza tangu lini najua kuchemsha uji, kisha kaenda posta kuwapigia simu ya maandishi ndugu wa Masasi. Ndugu! Wanaitwa ndugu! Mgonjwa kafumbua macho, kasema kijana huyu ana moyo wa pekee, akanishika mkono. Nimekimbilia uani kuchemsha uji mwingine.

Jumamosi, 22 Oktoba

Kapona! Kala ugali wa yanga, ule unga wa njano, na samaki wa soko la Feri, kaulizia cherehani. Nilimkumbatia mpaka akaniambia nimwachie apumue.

Nikakimbia Chuo kuiondoa barua kabla haijaleta homa nyingine. Haiondoki, kasema karani, ishaandikishwa. Akadhani nina wasiwasi, akanifariji: nisiogope, kila msiba huthibitishwa. Jana wamemwandikia balozi wa nyumba kumi wa mtaa wa marehemu. Tarishi ataileta wakati wowote.

Balozi wa mtaa wa marehemu ndiye marehemu!

Mnazi Mmoja mgambo wamenisimamisha. Nimewaonyesha kitambulisho, mkono unacheza hadi picha haionekani. Wamesema mtu mwenye kazi hatetemeki hivi. Wameniachia shingo upande.

Jumatatu, 24 Oktoba

Tangu jana nimekaa barazani kumvizia tarishi. Leo adhuhuri tumbo likanishinda, nikaenda msalani. Nilipotoka, Baba Mkubwa kavaa miwani, anasoma. Akamaliza. Akarudia. Akajishika shavu.

Akaniuliza kwa upole yeye mwenyewe amezikwa wapi. Upole ule ndio ulionitisha. Nikasema Kinondoni. Akauliza kama watu walikuwa wengi. Nikasema wengi mno, nikidhani itampendeza.

Basi nikapigishwa magoti, nikatoa yote: kufeli, rufaa, daftari la pili. Hapo akanikatiza. Kumbe anakumbuka! Jioni ya mtihani nilitamba barazani kwamba niliandika hadi nikaomba daftari jingine. Sasa kwa nini sikuwaambia hilo? Nikasema niliona ni dogo. Akaikunja barua. Kisha akasema kufa kutamfika kila mtu, ila yeye kinachomuuma ni kufa kwa ajili ya alama thelathini na moja. Niliona aibu, na bado niliogopa lori.

Jibu lake kanituma nilipeleke mwenyewe. Anathibitisha kwamba marehemu tajwa yu hai, barua ameipokea kwa mkono wake. Na kwamba kijana aliandika madaftari mawili, Chuo kiyatafute yote. Muhuri juu yake.

Jumatano, 2 Novemba

Daftari la pili limeonekana! Lilichanganyika na ya darasa jingine. Alama hamsini na nne. Nimefaulu!

Seifu kapewa mtihani wa marudio. Kaja kunipongeza, kakumbusha kwamba ilikuwa mistari miwili tu. Nikamwambia mistari yake isingefika popote bila kurasa zangu nne kuiandalia njia.

Lakini Chuo hakijamaliza nami. Keshokutwa alasiri naitwa kwenye Kamati ya Nidhamu kujieleza kuhusu kifo cha uongo. Wakitaka, wanafukuza. Baba Mkubwa kasema niende, niseme kweli, niombe radhi, watasamehe. Atanisindikiza mwenyewe, wamwone kwa macho yao.

Ijumaa, 4 Novemba

Siwezi. Sijalala. Wazee saba meza moja, wote wananitazama!

Asubuhi na mapema nimempelekea karani udhuru: leo sitafika kwenye Kamati, nimefiwa ghafla na shangazi yangu, Hyasinta. Safari hii nimetumia akili. Shangazi yuko Masasi, huko kwao hata barua ya Krismasi hufika Pasaka. Nimerudi nyumbani mwepesi, napiga mluzi.

Barazani nimekuta gunia la korosho na kuku wawili wamefungwa miguu. Shangazi Hyasinta! Simu ya homa ya kaka yake ilimfikia juzi tu, akapanda basi la kwanza. Nimemwamkia shikamoo mara mbili. Kauliza mbona namwangalia kama nimeona jini.

Baba Mkubwa ameshavaa shati la Chama. Kamweleza dada yake shida yangu, naye kaapa haniachi peke yangu, anakuja Kamatini kuniombea. Wote wawili wako mlangoni, wananiita nitangulie niwaonyeshe njia. Nimeomba nivae viatu kwanza. Hapa nilipo nawahesabu ndugu waliobaki.