Malalamiko juu ya Kupe Aliyenikataza Mbuzi wa Harusi

Kapata, Kolwezi
Jumatatu asubuhi

Kwa Dokta Séraphin, Mkubwa wa Labo,
Kliniki yetu ya hapa mtaani

Tata Dokta mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimevua kofia, ijapokuwa haunioni. Mimi ni Kalonji Gaston, mchoma michopo, yaani ile nyama ya mbuzi ya kuchoma, pale barabara inapoingia Kapata. Moshi wangu unajulikana mpaka Fungurume. Nimefika Ndola, Kasumbalesa sihesabu tena, na Johannesburg nililala siku mbili kwenye kituo cha basi, bila kupenda. Kwa hiyo anayekuandikia si mtu wa kutishwa na karatasi.

Karatasi ya labo yako nimeipokea. Inasema damu yangu inakataa nyama nyekundu: mbuzi, ng'ombe, nguruwe, kila mnyama anayenyonyesha. Inasema aliyeleta shida hiyo ni kupe. Naomba kwa heshima yote karatasi hiyo ifutwe kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi binti yangu Tina anaolewa, na ndoa yake iko ndani ya mdomo wangu. Nitaeleza. Malalamiko ni haya:

1. Damu yangu imesafirishwa vibaya. Mama Princesse, muuguzi wako, alinitoboa akisema, "Tata, usiangalie." Nikaangalia, mi si mtoto. Halafu ukaniambia kipimo hiki hakifanyiki hapa, damu itapitia Lubumbashi na kupanda ndege mpaka Johannesburg. Dokta! Mwenye damu alienda kule kwa basi, magoti kwenye kidevu, na damu inapanda ndege? Na ilipofika, peke yake, bila ndugu wa kuisemea, nani anajua iliulizwa kwa lugha gani? Damu yangu inasikia Kiswahili, Kiluba, na Kifaransa cha mwaka wa nne. Nafikiri iliulizwa kwa Kiingereza, nayo kwa adabu yake ikakubali kila kitu.

2. Saa hazipatani. Mara zote tatu nilizougua, nilikula nyama saa sita mchana, na ugonjwa ukaja saa kumi na moja. Vipele kama njugu, tumbo likinisokota, midomo ikavimba mpaka wateja wakacheka. Mara ya tatu koo ikajifunga. Mke wangu, Mama Mbuyi, alinipakia kwenye pikipiki akanileta kwako akilia, "Gaston, usinikufie njiani! Nani atalipa harusi?" Sisemi uongo, siku ile niliogopa. Uliniokoa kwa sindano na sitasahau. Lakini tuseme ukweli wa mahakama: kati ya saa sita na saa kumi na moja nilikula pia hindi la kuchoma, nikanywa maji ya bomba, nikagombana na jirani yangu Modeste. Kwa nini ashitakiwe mbuzi peke yake? Modeste hajapimwa mpaka leo.

3. Kupe mwenyewe. Ni kweli nilienda Biano kuchagua mbuzi, nikalala siku tatu kwenye nyasi, na kupe walinikuta. Niliwatoa kwa vidole mmoja mmoja, nikawatupa motoni, nikadhani kesi imekwisha. Sasa unaniambia mdudu mdogo kama mbegu ya lengalenga, mchicha wetu, aliingia kwenye damu yangu na kuifundisha kuchukia nyama. Mwalimu wangu alinifundisha miaka kumi na kichwa hakikushika hata nusu; huyu kupe ana fimbo gani? Halafu, Dokta, mbuzi mwenyewe anaumwa na kupe tangu kuzaliwa. Sijaona hata siku moja mbuzi aliyevimba kwa kujikataa.

4. Kazi yangu inaaibika. Mchoma nyama lazima aonje. Sasa nimefikia kuonja kwa kunusa. Wateja wangu wengi ni vijana wachimbaji, wametoka pande zote za Kongo, na meno yao ni makali kuliko beleshi. Mmoja wao, Mechack, juzi aliniona nakula samaki tomson nyuma ya jiko langu mwenyewe. Akapiga kelele, akiniita Vieux, yaani mzee: "Benzangu, muangalie! Vieux anatuuzisha mbuzi, yeye anakula tomson! Iko nini ndani ya hii mbuzi?" Ilibidi nimwoneshe mbuzi mzima, kichwa na mkia, ndipo wakakaa.

5. Sasa ndilo lenyewe. Sisi Baluba wa Kasai, hata waliozaliwa hapa kwenye nyumba za kampuni ya madini kama mimi, hatuozeshi binti kwa maneno matupu. Upande wa mwanaume unaleta mbuzi wa baba. Anapikwa, familia zote mbili zinakaa, na baba wa binti anakula kipande cha kwanza mbele ya watu. Akila, amekubali. Akisukuma sahani, amemkataa mkwe, na hakuna hotuba ya kurudisha maneno hayo. Tata Tshiamala wa mtaa wa pili alisukuma sahani kwa sababu ya jino tu. Mpaka leo familia zile zikikutana sokoni zinaangalia nyanya.

Na huyu Donatien wa Tina simkatai, Dokta. Ni fundi wa malori kule Fungurume, mpole, anamsikiliza binti yangu mpaka anamaliza kusema, jambo ambalo mimi mwenyewe sijawahi kuliweza. Tina ananiambia, "Papa, usikule, nitabaki tu nyumbani." Anasema hivyo akiwa ameshika gauni. Unafikiri baba atafanya nini? Nitakula, Dokta. Nitakula saa sita, na saa kumi na moja mtakuja kunichukua katikati ya ngoma.

Ndiyo maana, kama kufuta karatasi ni kugumu, napendekeza njia nyingine, uchague iliyo rahisi kwako:

Ya kwanza, uniandikie cheti chenye muhuri kwamba mbuzi wa Donatien, kwa siku ya Jumamosi tu, ni kuku. Kuku umeniruhusu. Naye mbuzi anatembea, anapanda ukuta, anapiga kelele asubuhi. Tofauti ni ndogo.

Ya pili, ugonjwa huu upewe Modeste mpaka Jumapili. Yeye hana binti.

Ya tatu, na hii nimeifikiria sana: wewe mwenyewe umesema ugonjwa huu unajua kungoja saa tano nzima. Kitu chenye uvumilivu wa namna hiyo kinaweza kuelimishwa. Ukiambie kingoje mpaka Jumatatu. Nitakuja mwenyewe, nimeoga, kitanikuta kwenye benchi yako.

Nangoja jibu lako la huruma. Unisalimie Mama Princesse na mkono wake mwepesi, mlinzi wa mlangoni, wagonjwa wote wa benchi ya kushoto, hata wale wa kulia wanaokohoa, na daktari asiyejulikana wa Johannesburg aliyezungumza na damu yangu.

Mimi, mgonjwa wako asiyekubali,
Kalonji Gaston

P.S. Dokta, usifute kitu! Nilikuwa nafunga bahasha, Mama Mbuyi akaingia. Kumbe jana alichukua karatasi yako akaipeleka kwa wakwe bila kuniuliza. Nilitaka kuingia chini ya kitanda. Lakini mzee wao, Tata Tshimanga, aliisoma mara mbili akauliza tu, "Baba Tina hana dada?" Maana kwetu dada wa baba ni baba mwanamke, na mdomo wake ni mdomo wa baba. Mimi niliyefika Ndola nimelisahau hilo! Dada yangu mkubwa, Jeanne, ameshakubali kula kwa jina langu. Ameanza kufunga leo ili apate nafasi, na ametangaza mtaa mzima kwamba Gaston akisogelea sahani hata kwa kunusa, atajua. Basi nakuomba nakala tatu za karatasi, muhuri mkubwa, na uandike kwamba ugonjwa ni wa kweli, ni mkali, na hautapona kabla ya Jumamosi. Kupe namwogopa kidogo. Jeanne namwogopa tangu nikiwa natambaa.