Nyumba Namba Tisa Haina Mtu

Chuo kilikuwa na furaha kubwa kuitangazia jumuiya yake, kupitia Taarifa ya Maboresho ya Huduma Namba 47, kwamba tatizo la nyumba za wafanyakazi limekwisha. Halikwisha kwa kujenga nyumba. Kujenga ni kazi ya watu wasiofikiri, tena inataka saruji. Lilikwisha kwa kuhesabu. Tangu siku hiyo kila mwenye nyumba, bila kujali cheo, angesaini Daftari la Wakaaji kila mwisho wa mwezi, kwa mkono wake mwenyewe. Asiyesaini miezi mitatu mfululizo angehesabiwa kuwa hayupo. Nyumba yake ingetangazwa ubaoni kuwa haina mtu, na tangazo likishakaa siku kumi na nne bila pingamizi, huo ndio ungekuwa ukweli wa Chuo. Mapingamizi yangepokelewa Dirisha Namba Nne.

Taarifa Namba 48, iliyotoka asubuhi hiyohiyo, ililifunga Dirisha Namba Nne ili kuwahudumia wateja vizuri zaidi.

Aliyezibandika zote mbili ni Mzee Gundi. Jina hilo alipewa na wanafunzi, na ndoo yake ndiyo iliyomponza: gundi ya unga wa ngano aliipika mwenyewe kila Jumatatu, nzito kiasi cha brashi kusimama. Shule aliiacha darasa la tatu. Kusoma alikujulia kazini, miaka ishirini na sita mbele ya ubao uleule, na alisoma kwa namna ya kazi yake: anabandika kwanza, kisha anapitisha kidole mstari kwa mstari kutoa mapovu ya hewa, na maneno yanamwingia kupitia kidole. Ndiyo sababu, miezi mitatu baadaye, alikuwa ameshailainisha karatasi mpaka pembe ya chini ndipo kidole kilipogota.

"Nyumba Na. 9 haina mtu."

Akatazama nyuma yake, kama vile mwenye nyumba namba tisa huenda amesimama pale. Hakukuwa na mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyelala humo usiku ule, na asubuhi aliacha sufuria ya uji haijaoshwa.

Mambo yalikuwa hivi. Nyumba ilikuja na kazi ya mkewe, mpishi mkuu wa bweni la wanafunzi, na iliandikwa kwa jina lake. Mkewe alifariki miezi miwili kabla ya Taarifa 47, bila kuiarifu ofisi mapema. Chuo kilileta shada la maua lenye utepe, Msajili akasema maneno matamu kaburini akisoma kwenye karatasi, kisha wakarudi ofisini na kuliacha jina la marehemu daftarini. Kila mwisho wa mwezi Mzee Gundi alikwenda kusaini, na kila mara karani wa Msajili alilifunika daftari kwa kiganja.

"Amri inasema mkono wake mwenyewe, shemeji." Alimwita shemeji kwa kuwa marehemu alimwita yeye mdogo wangu, na kwa miaka kumi alimwekea ukoko wa wali.

"Mkono wake mwenyewe nimeuzika mimi."

"Najua. Nilikuwepo. Nilishika mwavuli."

Sasa, na gundi ikiwa haijakauka vidoleni, Mzee Gundi alipanda ghorofa ya pili kwa Msajili. Ofisi ile ilikuwa na viti vya ngozi vinne na kiti kimoja cha plastiki. Akaonyeshwa cha plastiki.

"Mkeo hakusaini," Msajili alisema, akifungua faili.

"Amefariki, Mheshimiwa. Ulikuja kumzika."

"Nilikuja kama mtu. Hapa nipo kama ofisi. Je, aliandika barua ya kueleza kwa nini hatasaini?"

"Marehemu?"

"Mwenye nyumba."

"Hakuandika."

"Unaona tatizo linapoanzia."

Mzee Gundi akalitafuta tatizo linapoanzia, akaona linaanzia kwenye kiti cha ngozi. Kisha akasema, "Lakini mimi nimo. Nalala humo, napika humo. Mimi ni mumewe."

"Mume si mkaaji. Kwa mujibu wa kanuni, mume ni mgeni wa mkaaji."

"Basi mniandike mgeni."

"Mgeni wa nani? Nyumba tupu haina wageni, mzee wangu. Ingekuwa na wageni isingekuwa tupu." Msajili akatabasamu jinsi mtu anavyotabasamu akimfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kisha akamweleza kwa upole kwamba nyumba namba tisa ina bahati. Baada ya wiki nane, samani zikishafika, itafunguliwa rasmi kuwa Kituo cha Utafiti wa Upungufu wa Nyumba. Utafiti huo ulikuwa umekwama mwaka mzima kwa kukosa nyumba.

"Kama una pingamizi," alisema, akimsindikiza mlangoni, "nenda Dirisha Namba Nne."

Siku ya kumi na tano alikuja fundi bomba na spana yake begani. Akasimama mlangoni akapiga hodi.

"Karibu," Mzee Gundi alijibu.

"Mimi sijasikia kitu," fundi bomba alisema akiingia. "Nimeambiwa humu hamna mtu. Shikamoo lakini."

"Marahaba. Unakuja kukata maji?"

"Nyumba tupu maji ya nini? Kufuli linasubiri samani." Akaketi, akamiminiwa chai, akanywa kikombe kizima akitazama ukuta kwa haya. "Usinielewe vibaya, mzee. Nina watoto. Wakiniuliza chai nimekunywa wapi, nitasema nimeikuta."

"Na ikiwa moto?"

"Nitasema Chuo kimeboresha huduma."

Alipoondoka, bomba la jikoni likakohoa mara mbili likanyamaza. Mzee Gundi akabaki amesimama katikati ya jiko. Rafu ya chumvi ilikuwa juu sana ukutani. Aliipigilia mwenyewe, mwaka waliohamia, kwa kipimo cha marehemu, ambaye alikuwa mwanamke mrefu na alimzidi mumewe kichwa kizima. Tangu afariki, kila alipotaka chumvi ilimbidi apande kigoda. Kuishusha rafu ni misumari minne na nusu saa ya kazi. Hakuishusha. Na sasa wataalamu wa upungufu wangekuja kuing'oa na kuweka kalenda.

Akaenda ofisini akiwa na jambo moja kichwani. Si wazo, mawazo yalikuwa ya ghorofa ya pili. Lilikuwa ni maneno matatu ambayo kidole chake kilikuwa kimeyapitia mara nyingi na kuyazoea kama tundu kwenye shati.

"Shemeji," alimwambia karani, "hebu fungua lile daftari ukurasa wa kwanza. Mimi siligusi."

Karani akafungua. Nyumba namba mbili, sahihi tatu. Namba tatu, sahihi tatu. Namba nne, sahihi tatu, moja ina doa la mafuta.

"Na namba moja?"

Nyumba namba moja ilikuwa ile ya Msajili, juu kilimani, yenye varanda mbili na mfereji wa kumwagilia nyasi. Mstari wake ulikuwa mweupe kama sahani ya mgeni asiyetokea.

"Yule hasaini daftari," karani alisema, sauti ikishuka. "Yule ndiye anayesainiwa."

"Amri inasemaje? Wewe ndiye msomi."

Karani akaivuta Taarifa 47, akaisoma. Akafika kwenye "bila kujali cheo". Maneno hayo Msajili aliyaongeza mwenyewe kwa kalamu, dakika ya mwisho, kwa sababu yalikuwa na mlio mzuri.

"Mimi ni karani tu," alisema hatimaye. "Nikiacha kutekeleza amri nitaadhibiwa."

"Na mimi nisipobandika?"

"Nawe pia."

Walitazamana kama watu wawili walioogopa sana adhabu.

Jumatatu ndiyo siku ya Msajili kusaini matangazo. Yaliingia kwa fungu, yakatoka kwa fungu. Alisaini akiongea na simu, mkono ukienda wenyewe kama kuku anayedonoa. Alisaini tangazo la kubadilisha jina la kantini, la kupotea kwa mbuzi wa idara ya mifugo, la kupatikana kwa mbuzi wa idara ya mifugo, na la nyumba namba moja.

Mzee Gundi hakulificha popote. Angeona ni dhambi ya kazi. Alilibandika katikati ya ubao mkubwa, usawa wa macho, pembe nne zimenyooka, wala hakuacha povu hata moja. Siku ya kwanza walilisoma wafagizi. Siku ya tatu wanafunzi walikuwa wanapanga foleni. Wahadhiri wakaja wawili wawili, wakalisoma, wakakohoa, wakaenda zao. Msajili alilipita kila asubuhi na kila jioni, ndani ya gari lenye vioo vyeusi, akisoma ripoti ya namna taarifa zake zinavyowafikia walengwa.

Hakuna aliyeleta pingamizi. Mwalimu mmoja mwenye roho safi alikwenda nalo mpaka Dirisha Namba Nne, akakuta limefungwa ili kumhudumia vizuri zaidi.

Siku ya kumi na tano iliangukia Jumatatu tena. Msajili alirudi kwake adhuhuri, mapema kuliko kawaida, kwa kuwa mkewe alikuwa safarini na mama mkwe alikuwa amewasili asubuhi kukaa mwezi mzima. Alimkuta mama mkwe nje ya geti, ameketi juu ya sanduku lake, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, mwalimu mstaafu. Geti lilikuwa na kufuli jipya. Kando yake alisimama askari. Fundi bomba alikuwa anafunga mfuko wake wa zana.

"Fungua," Msajili alisema.

"Humu hamna mtu, mkuu," askari alijibu.

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Ndiyo hivyo. Wewe humo."

"Na huyu mama mmemtoa kwa amri ya nani?"

"Yako, mkuu. Tulimtoa kwa heshima, na sanduku tulimbebea."

Mama mkwe akavua miwani. "Nimetembea mpaka ubaoni, baba, nikasoma. Pale unapoandika 'tajwa hapo juu', hapo juu hukutaja kitu."

Saa nane Msajili alikuwa mbele ya meza ya karani, jasho limelowesha kola. Alitaka tangazo la namba moja lifutwe.

"Kufuta ni pingamizi," karani alisema, "na pingamizi ni Dirisha Namba Nne."

"Lifungue."

"Kulifungua kunataka taarifa."

"Toa taarifa. Ianze kazi sasa hivi."

"Taarifa inakaa siku kumi na nne, Mheshimiwa. Ya kupunguza siku nayo inakaa siku kumi na nne. Niliwahi kukuuliza, ukasema ndiyo uimara wa mfumo."

Msajili akakitazama kiti cha plastiki cha wanaosubiri, akakikalia. Wakajaribu kila njia. Hakukuwa na njia ya kuirudisha namba moja peke yake. Kamba ilikuwa moja na fundo moja. Mwishowe karani akachapa Taarifa Namba 61: Taarifa 47 imefutwa, pamoja na yote yaliyofanywa kwayo, mtu aliyemo ndani ya nyumba yumo, na nyumba ya mkaaji aliyefariki ni ya mwenzake aliyebaki. Msajili aliisoma neno kwa neno, mara mbili, midomo ikicheza. Mzee Gundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo, alimwona hivyo akamhurumia kidogo. Kusoma ni kazi ngumu usipoizoea.

"Hiki kifungu cha mwisho kimetoka wapi?" Msajili aliuliza.

"Ukikitoa tuanze upya," karani alisema. "Printa inachelewa."

Akasaini. Mzee Gundi akashuka nayo, akaipaka gundi, akaibandika, akaitoa mapovu taratibu zaidi ya kawaida.

"Leo ya kwanza, Bwana Msajili," alisema. "Zimebaki kumi na tatu."

Nyumba ya wageni ya Chuo ilikuwa imefungwa kwa maboresho, kwa Taarifa 52. Ndugu wa Msajili mjini hawakupokea simu; walihamia huko baada ya yeye kutangaza kuwa nyumba zao za Chuo hazina mtu. Basi jioni, jua likiwa bado kwenye mabati, alionekana akishuka njia ya nyumba za chini, sanduku la mama mkwe kichwani, mama mkwe mbele akimwonyesha mashimo. Walisimama mlango namba tisa. Ndani redio ilikuwa inasoma habari.

"Hodi," Msajili aliita.

Redio ikazimwa.

"Hodi, mzee wangu. Najua umo."

"Hakuna mtu," sauti ilijibu. "Mpaka siku ya kumi na nne."

"Tafadhali. Kama mgeni tu."

"Nyumba tupu haina wageni. Mtaalamu mmoja alinieleza vizuri sana."

Mama mkwe akamsogeza mkwewe kando kwa kiwiko. "Mimi sijawahi kutangazwa popote," alisema, "na miguu inaniuma."

Komeo likavutwa. "Shikamoo, mama. Karibu. Jihadhari na ndoo, maji ni ya kubeba."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Msajili akabaki kizingitini na sanduku, akisikiliza vikombe vikigongana katika nyumba isiyo na mtu.

"Huyo mama yumo na mimi simo?" aliuliza mlango.

"Mama gani?" mlango ulijibu.

Jikoni, mboga ilikuwa inachemka. Mzee Gundi alikuwa anainama kuvuta kigoda. Mama mkwe wa Msajili, bila kuuliza, akanyoosha mkono mpaka rafu ya juu, akashusha kopo la chumvi, akatazama ukutani lilipotoka.

"Nani aliiweka juu hivi?"

"Mimi," alisema.

Akakirudisha kigoda chini ya meza.