Nyani wa Shamba la Shule

Jamani, leo mwenzenu sina uso wa kumtazama mtu.

Mnajua najitolea kufundisha darasa la awali hapa Bugarama, huku nikisubiri shule inipe mkataba. Leo afisa elimu kata alikuwa anakuja kuniona nikifundisha. Mwalimu mkuu alishaniambia, "Ukimfurahisha huyu, mkataba umeupata." Usiku kucha nimejigeuza tu kitandani.

Nikabuni somo la kutazama wanyama pori. Asubuhi tumekunja vipande vya boksi, tumepaka gundi, tumefunga uzi. Kila mtoto na darubini yake shingoni! Wanyama nilishawachora na kuwaficha: twiga nyuma ya tangi la maji, simba kwenye ua. Watoto wakanyata, wakanong'ona. Raha tupu.

Ningeishia hapo. Lakini mimi na kiherehere changu, nikataka nyani awe hai. Nikavaa gunia, nikajifunga mkia wa kamba, nikajificha kwenye mahindi ya shule. (Nina diploma, msisahau.) Nilitaka mgeni akifika akute watoto wametulia, wanamtazama nyani kwa darubini.

Nikabweka kidogo. Darubini zote zikanigeukia.

"Nyani!" akapiga kelele Devota, ana miaka mitano tu. "Anakula mahindi!"

Ndipo nikakumbuka kwamba watoto hawa, wakitoka shule, hupelekwa kulinda mashamba. Kwao nyani hatazamwi. Nyani anapigwa.

Madongo yakaanza kunyesha. La mgongoni, la sikioni, na mengine sitaki kusema yalitua wapi.

"Ni mimi, madamu!"

Nani asikie, na mayowe yale? Mbwa wa jirani naye akaja kusaidia (asante sana, jirani). Nikachomoka mbio, gunia limeniziba macho, nikamvaa mtu tumboni. Nikatazama chini kupitia tundu la gunia. Viatu vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa.

"Shikamoo," nikasema, bado nimo ndani ya gunia.

"Marahaba," akajibu afisa, akijipangusa udongo kwenye shati jeupe. Akamgeukia mwalimu mkuu. "Na mwalimu wa darasa hili yuko wapi?"

Devota akaja akihema, akalivuta gunia, akaniangalia vizuri.

"Ndiye huyu," akasema. "Tumemkamata anaiba mahindi."

Afisa ameondoka bila kutaja mkataba. Mimi nimejifungia jikoni, nimelia mpaka basi. Naomba msicheke. Mwenye dawa ya kuchua aniletee, ila asije na mtoto.