Darlene Boutilier na Vazi Lililoganda

“Sasa ni nani aliyelitundika nje, Lorne? Malaika?”

Kwa kishindo cha maneno hayo, enyi mnaoota moto majumbani mwenu, vita vilikuwa vimekwisha kupamba moto tangu saa moja asubuhi, siku ya mwisho ya Februari, uani kwa akina Boutilier, juu ya Ghuba ya Mosher, katika nchi ya Nova Scotia. Sogeeni. Zimeni simu, wazibeni watoto midomo kwa biskuti, kwani nasimulia niliyoyaona kwa macho yangu mawili nikiwa nimevaa soksi jozi tatu.

“Lilikuwa linanuka,” akajibu Lorne, kaka yake Darlene, Msoma-Pepo, Mfasiri wa Maboya, shujaa asiyelowa tangu goti lake lilipomsaliti. “Linanuka kama sili aliyekufa Krismasi. Nimelitoa nje kwa wema tu.”

“Kwenye baridi ya nyuzi kumi na nne chini ya sifuri?”

“Nyuzi sikuzipanga mimi, dada.”

Kati yao lilisimama lile vazi la mpira mweusi, nene kama godoro la mtoto, ambalo bila hilo mtu anaweza kuogelea hapa Februari mara moja tu maishani. Lilisimama lenyewe thelujini, halina mtu ndani, mikono imetanda, kama askari wa barabarani anayesimamisha malori.

Na jueni kilichokuwa hatarini. Darlene, mama wa watatu, mpishi wa shule, mwenye mabega ya kubebea sufuria, alikuwa ameapa tangu Machi iliyopita kupanda wimbi moja kila mwezi, miezi kumi na miwili mfululizo, kama wafanyavyo watu wa ghuba hii wasio na akili. Anayetimiza huchongwa jina mlangoni mwa banda la mbao za kutelezea mawimbini. Sheria ni moja: usimame kwa miguu yote miwili, mtu asiye wa nyumba yako akiona. Shahidi nilikuwa mimi, jirani yao. Miezi kumi na mmoja ilikuwa imetekwa. Iliyosalia ni Februari, nayo ilikuwa imebakiwa na saa chache za mwanga.

“Soma hali,” akaamuru Darlene.

Lorne akainua simu yake kama kadhi anayesoma hukumu. “Boya linasema mawimbi ya mita mbili. Upepo unatoka nchi kavu mpaka saa nne. Baada ya hapo unageuka, na bahari inakuwa uji.” Akaitia simu mfukoni. “Si mbaya.”

Moyo ukaniruka, maana watu wa hapa hawasemi “si mbaya” ila kwa mawimbi ambayo wengine wangeuza nyumba wayaone.

Basi vazi likapakiwa kwenye pikapu, kiti cha mbele, likafungwa mkanda, hita ikaelekezwa kifuani mwake. Mimi, niliyezaa na kulea wangu, nikatupwa nyuma pamoja na koleo la theluji. Mkono mmoja wa vazi uligoma kukunjwa ukatokeza dirishani. Njiani jirani mmoja aliupungia kwa heshima.

Kwenye maegesho ya ufukweni, saa mbili na nusu, mawimbi yalikuwa yakija yamechanwa nywele na upepo, kijani, safi, moja nyuma ya jingine. Darlene akayatazama kama mtu anavyotazama pilau ya harusi kupitia dirisha. Mguu wa kulia wa vazi uliyeyuka saa tatu. Wa kushoto ulikaidi.

“Mifuko ya mkate!” akanguruma Darlene, na Lorne akamvisha mifuko ya plastiki miguuni ili iteleze, kwa unyenyekevu wa mtumishi anayemvalisha sultani viatu. Darlene akasukuma mguu, mimi nikavuta vazi. Tulisonga mbele hadi gotini, tukarudishwa nyuma hadi kwenye kifundo, tukakusanya majeshi, tukashambulia tena.

“Vuta pumzi ndani!” akaamuru Lorne.

“Nimeivuta tangu Jumapili, mjinga wewe!”

“Hiyo si pumzi, hiyo ni chapati za asali ya mti wa maple!”

Zipu ikafunga. Ilikuwa saa nne na dakika tisa.

Tukageuka kutazama bahari. Upepo ulikuwa umegeuka. Yale mawimbi ya kijani yalikuwa yamevunjwavunjwa, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mtu wa mwisho alikuwa akitoka majini, ndevu zimejaa barafu.

“Kwisha, mama,” akamwambia Darlene akipita. “Rudi nyumbani. Huko hakuna kitu.”

Lorne akashika kofia yake kifuani. “Dada, nisamehe. Mwakani nitalitundika bafuni.”

“Mwakani?” Darlene akapanda juu ya bampa ya pikapu, akahutubia dunia. “Nimejazwa humu ndani kama soseji! Sheria inasema wimbi. Haisemi wimbi zuri! Sivui hili vazi likiwa kavu. Nipe ubao.”

Akapewa. Akaenda. Povu la kwanza likamzaba kofi, la pili likampora glavu, la tatu akalitukana mpaka nikaona aibu kwa niaba ya bahari. Kisha likaja moja dogo, la kufika gotini, chafu, lisilo na baba wala mama. Akageuza ubao, akapiga maji mara mbili, akainuka: goti, mguu, mguu.

Alisimama. Mimi shahidi nilihesabu kwa sauti: moja, mbili, na nusu ya tatu.

Kisha akaanguka kichwa mbele, lakini sheria haisemi lolote juu ya kuanguka. Na iandikwe, isomwe na wajukuu: saa nne na dakika ishirini na sita, Februari ilitekwa.