Leseni Imetoka kwa Jina la Marehemu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku kubwa. Leseni ya bunduki imetoka. Nilivaa suti ya harusi, nikakodi bodaboda kutoka Kwihara mpaka kituo cha polisi mjini, nikasimama kaunta kifua mbele.

Afande Tekla, mama wa makamo anayeshughulikia silaha, akafungua faili na kusoma: Kashindye Mhoja. Nikatabasamu. Kisha tabasamu likakauka. Mimi ni Mhoja Kashindye. Kashindye Mhoja ni baba, na baba tulimzika mwaka juzi.

Akauliza mwenye silaha yuko wapi. Nikasema yuko Kwihara. Akasema basi aje mwenyewe asaini. Ikabidi nieleze yuko Kwihara sehemu gani.

Akavua miwani. Leseni imeshaidhinishwa, akasema, ila kwa marehemu. Gobore letu, ile bunduki ya babu, litabaki kwao mpaka majina yarekebishwe. Si kazi kubwa: cheti changu cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba, barua ya mtendaji wa kijiji. Kisha akanionyesha fomu ya maombi. Mwandiko wangu. Nilitanguliza jina la ukoo, kama wanavyofanya wasomi. Fomu haikuwa tayari kwa mtu wa kiwango changu.

Akanipa nakala ya leseni nimpelekee mtendaji. Njiani nikakutana na jirani yangu Jonasi. Yeye bunduki anayo, na leseni safi. Akiwafukuza nguruwe pori kwenye mahindi yake, wanahamia kwangu. Akauliza yangu iko wapi. Nikasema inapakwa mafuta.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Niliacha nakala mezani, mama akaiona.

Mama yangu, Bi Pelagia, husoma polepole, kwa kidole. Kidole kilifika kwenye jina, kikasimama. Utaratibu wa leseni ulipobadilika, baba alilirudisha gobore la babu kituoni, akaomba leseni mpya, akangoja jibu. Alingoja mpaka akafa. Sasa mama akamwita mke wangu Mwanne kutoka jikoni, akamwambia taratibu: "Wamemjibu."

Karatasi akaiweka chini ya mto wake. Kufika jioni, jumuiya nzima ya kanisani ilishapata habari. Wakaja kumpongeza, wakanywa chai yetu. Nani angemwambia kuwa ni makosa ya fomu? Mwanne anasema mimi. Mwanne hana mbinu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Tatizo ni kwamba leseni na mimi hatulingani. Kila mtu anafikiria kurekebisha leseni. Mimi nitajirekebisha mimi. Nikibadili jina nikawa Kashindye Mhoja, bunduki inarudi, na mama haumii.

Nikaenda mjini kwa karani wa wakili. Akasema inawezekana, ila itabidi kubadili na kitambulisho, cheti cha shule, cha ubatizo na cha ndoa. Nikamwambia hayo ni mambo madogo.

Nyumbani nikamweleza Mwanne. Akauliza kama kuanzia hapo atakuwa ameolewa na baba mkwe. Kisha akauliza mama ataniitaje. Hilo sikuwa nimelifikiria. Mama hajawahi kulitamka jina la baba. Ndivyo walivyolelewa wake wa zamani huku kwetu, jina la mume halitoki mdomoni. Miaka yote alimwita Baba Gaudensia, kwa jina la dada yangu mkubwa, kama Mwanne anavyoniita mimi Baba Silasi, kwa jina la mwanetu.

Mwanne akarudi jikoni. Nikamsikia akicheka peke yake muda mrefu. Nilikasirika, lakini ni kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Nikakaa karibu na mlango.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya: asali. Hakuna afisa anayekataa asali ya Tabora. Nilibeba ndoo nzima, ile nzuri ya miombo, nikamwambia Afande Tekla nimemletea dawa ya kikohozi. Akasema hana kikohozi. Akaniambia niifunike na kuiondoa kabla hajalazimika kuiandikia maelezo.

Ndoo ilikuwa inavuja. Nilipoinuka kwenye benchi, benchi likainuka nami kidogo. Jonasi alikuwapo, amekuja kulipia leseni yake. Akauliza kama hayo ndiyo mafuta wanayoipaka bunduki.

Nimeamua kutozungumza naye tena.

Ijumaa, 7 Machi

Alfajiri nilisikia debe likipigwa shambani. Nikatoka. Ni mama. Kajifunga kitenge, miguu imeloa umande mpaka magotini, anapiga debe kufukuza nguruwe. Nusu ya mahindi ya bondeni yamelala chini. Akasema anashika zamu mpaka bunduki irudi.

Nilisikia kitu kikinibana kifuani. Labda maharage ya jana.

Nikamshika mkono, nikamkalisha jikoni, Mwanne akamkanda miguu kwa maji moto. Nilikuwa na uongo tayari, mzuri sana, wenye kamishna ndani yake. Mwanne akanitazama. Uongo ukanipotea. Nikamwambia mama kila kitu: fomu, majina, kwamba karatasi ile lazima ifutwe.

Mama hakushtuka. "Mwanangu," akasema, "kumzika nilimzika mwenyewe. Najua hawezi kwenda kuchukua bunduki. Nilitaka tu jina lake likae humu ndani kidogo."

Alikuwa anajua tangu Jumanne. Wiki nzima nimemficha mtu anayejua.

Kisha akasema siku ya kulifuta, na yeye anakwenda.

Jumatatu, 10 Machi

Mtendaji aliandika barua Jumamosi, kabla chai yake haijapoa. Leo tukaenda mjini, mama, Mwanne na mimi. Mama alivaa kitenge cha Pasaka. Nakala ameibeba kifuani.

Afande Tekla alimpigia shikamoo, akamletea kiti. Akapanga vyeti, akagonga mihuri. Halafu akasema kwa utaratibu wa marekebisho, mtu wa familia ataje jina la aliyeandikwa kimakosa. Nikajikohoza, tayari kujibu. Mama akaniwahi. Alisimama, akashika ukingo wa kaunta.

"Kashindye," akasema. "Anaitwa Kashindye."

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya msichana. Mwanne alishusha macho. Afande Tekla hakuandika kwanza. Alingoja, kisha akauliza kwa upole kama aendelee. Mama akasema aendelee.

Akachora mstari mmoja mwembamba, akaandika jina langu juu yake, akasaini. Basi. Ile nakala ya zamani akapiga muhuri wa kufutwa, akamrudishia mama, akasema hiyo ni yake. Mimi ningeiomba tangu mwanzo, ila hakuna aliyeniambia kuwa inawezekana kuomba.

Gobore nikalibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Mama alilipangusa kwa kanga, akalitaja jina lile tena, safari hii kwa kulizoea. Mwanne alilala na mkono wake juu ya wangu. Sikuusogeza, ingawa uliniletea ganzi.

Jumamosi, 15 Machi

Jonasi amekuja, tena kwa adabu. Hati ya shamba lake imekosewa mpaka, na amesikia kwamba mimi nilishughulikia jambo langu nikafanikiwa. Nikamkaribisha ndani. Alitaka kujua aandae nyaraka gani. Nikamwambia aache kabisa mambo ya nyaraka, hiyo ni njia ya watu wasio na akili. Ipo ya mkato, nimeshaanza kuifikiria.

Mchana nikachora kibao kwa rangi nyekundu: MHOJA KASHINDYE, MTAALAMU WA MAREKEBISHO. Nafasi haikutosha, neno la mwisho likakata kona. Nikaegemeza ngazi ukutani ili nikitundike juu ya mlango.

Mwanne alikisoma kibao. Akakisoma tena. Akavuta pumzi, akaniuliza: "Baba Silasi, ngazi nikushikie upande gani?"